Kabla ya Kununua Mashine, Pima Safari ya Kurudi

Katika miji yetu ya pwani na ya kando ya maziwa, iwe Tanga au Dar es Salaam, Mwanza au Kigoma, si jambo geni kumsikia mfanyakazi anayekaribia kustaafu akinena kwamba kiinua mgongo chake atakitia katika chombo. Wengine huchanga watatu au wanne, wakanunua mashua ya kuvulia au ya kuvushia abiria. Ni wazo la heshima. Bahari na maziwa vimewalisha watu wa nchi hii tangu kale, na chombo kilichoundwa vema huweza kumlea mtu na wanawe kwa miaka mingi.

Hata hivyo, fedha zilizokusanywa kwa jasho la miaka 20 au 30 huweza kuzama hata kama chombo chenyewe hakikuzama. Aghalabu mnunuzi huanza kwa kuuliza, "Nitafute mashine ya nguvu ngapi?" Swali hilo si baya, ila limefika mapema. Yapasa litanguliwe na mengine matatu: chombo kitakwenda katika maji ya namna gani? Kitabeba nini? Na iwapo mashine itazimika, kitarudi kwa nini?

Wahenga wa pwani walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo lake. Baharia hata akizunguka kote, mwisho hurejea pale pale. Anayechagua mashine angefaa kuyatia moyoni maneno hayo, kwa kuwa safari ya kwenda huwa asubuhi, upepo ni mdogo na watu wana nguvu. Safari ya kurudi huwa na shehena, upepo huenda umegeuka ukapiga usoni, watu wamechoka na jua linatua. Chombo huchaguliwa kwa ajili ya safari hiyo ya pili.

Ndugu msomaji, makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba kinachokisukuma chombo na kinachokiongoza ni shauri moja, wala havifai kuchaguliwa mbalimbali. Na kwamba chombo kidogo hakistahili kuondoka pwani kikiwa na njia moja tu ya kwenda na njia moja tu ya kugeuka.

PONDO, KAFI NA KASIA

Tuanze na nguvu ya zamani kuliko zote, yaani mikono ya mtu. Katika maji mafupi ya mikoko, kama yale ya delta ya Rufiji, pondo halijapata mshindani. Mtu husimama, akalichomeka chini, akasukuma. Na kwa pondo hilo hilo hugeuza chombo. Likikosa kugusa chini, kazi yake imekwisha. Kafi hufaa mtumbwi mwembamba, na yule aketiye tezi hupiga kafi na kuongoza kwa wakati mmoja. Kasia ni refu zaidi, nalo huegemea kilete au kishwara ubavuni, hivyo nguvu ya mpigaji huongezeka kama ile ya mtu atumiaye mtaimbo kuinua jiwe.

Tusijidanganye, lakini, juu ya kiasi cha nguvu hizo. Mtu mzima mwenye afya anayefanya kazi kwa muda mrefu hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu moja ya farasi. Wapiga makasia wanne hawafiki hata nusu ya nguvu moja. Wataweza kuisogeza mashua ndogo polepole katika maji yaliyotulia, au kuielekeza omo kwenye mawimbi isipigwe ubavu. Dhidi ya upepo mkali hawataweza kitu. Pamoja na hayo, makasia hayaishiwi petroli wala hayana plagi ya kulowa. Ndiyo maana mahali pake ni ndani ya kila chombo kidogo, hata kile chenye mashine mpya.

TANGA NA UPEPO WA BURE

Pwani yetu ina bahati ya pepo zenye majira. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi huanza Aprili au Mei hadi kufikia Oktoba. Kwa pepo hizo vyombo vya matanga vilifanya safari baina ya Afrika ya Mashariki, Arabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Hadi leo ngalawa, kwa tanga lake la pembe na ndubi zake mbili ubavuni, huwatoa wavuvi na kuwarejesha pasipo kununua hata lita moja ya mafuta.

Upepo ni bure, ila una masharti. Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kwenda moja kwa moja kuelekea upepo utokako. Hapana budi kibishe, yaani kiende kwa kupindapinda huku na huku. Chombo kinachobisha kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka upepo utokako hulazimika kwenda maili 2 ili kisogee maili 1. Isitoshe, kwa tanga la pembe kugeuza upande ni kazi: foromali yapasa ihamishwe ng'ambo ya pili ya mlingoti, na mabaharia wengi huona heri kuzunguka kwa kupitisha upepo nyuma. Basi mwenye kuvusha abiria kwa saa maalumu hawezi kulitegemea tanga peke yake. Kwa mvuvi asiye na haraka, huenda ndilo litakalomwachia faida mwisho wa mwezi.

Tena tanga hudai usukani wake. Upepo ukisukuma ubavuni, chombo hutaka kuteleza kando na kugeuza omo kuelekea upepo. Kinachozuia ni mkuku au ndubi chini, na usukani mpana nyuma. Ikiwa mshika usukani analazimika kuivuta kana kwa nguvu zake zote safari nzima, ajue tanga na mwili wa chombo havipatani: mlingoti umekaa mahali pasipofaa, au shehena imepangwa vibaya. Usukani uliopindwa muda wote huburuza maji na kupunguza mwendo.

MASHINE YA KUPACHIKA

Mwaka 1909 Ole Evinrude, fundi aliyezaliwa Norway akakulia Marekani, alianza kuuza mashine ndogo ya kupachika nyuma ya mashua. Hakuwa wa kwanza kuliwaza jambo hilo, lakini mashine yake ndiyo iliyoeneza biashara. Umbo lake halijabadilika sana: injini juu, mguu mrefu chini, rafadha mwishoni, na mkono wa kushikia.

Faida zake ni dhahiri. Hupachikwa na kung'olewa, hivyo usiku hulala nyumbani mbali na wezi. Hupandishwa juu chombo kifikapo kwenye mchanga au mwamba. Na haihitaji usukani, kwa kuwa mashine yenyewe hugeuzwa na msukumo wa maji ukageuka nayo. Katika bandari yenye msongamano hakuna kinachogeuza mashua ndogo kwa wepesi kuliko hiyo.

Lakini hapo hapo pana hatari. Mashine hiyo ndiyo miguu ya chombo, na ndiyo macho yake pia. Ikizimika, mguu wake mwembamba ulioachwa majini hauongozi kitu. Chombo hukosa mwendo na mwelekeo kwa dakika moja, kikageuka kuweka ubavu kwenye mawimbi. Watu walio ndani, wasipokuwa na kasia la kukielekezea, hubaki watazamaji.

Mnunuzi atakutana na aina mbili. Ile inayochanganya oili na petroli ni nyepesi, yapata kilo 40 kwa nguvu 15 za farasi, na hata fundi wa kijijini huifahamu. Ila hunywa mafuta mengi, takriban karibu nusu lita kwa kila nguvu ya farasi kwa saa, ikienda kwa nguvu zote. Ile yenye oili yake mbali hupunguza matumizi kwa kiasi kikubwa na moshi wake ni mdogo, ila ni nzito zaidi, yapata kilo 50 kwa nguvu hizo hizo, na yahitaji fundi mwenye ujuzi zaidi.

Kadhalika urefu wa mguu si jambo la kubahatisha. Mashine nyingi hutengenezwa kwa ubao wa nyuma wenye kimo cha sentimeta 38 au cha sentimeta 51. Mguu ukiwa mfupi, rafadha hutoka majini kila wimbi linapoinua tezi, injini ikalia bure na kupata moto. Ukiwa mrefu kupita kiasi, huburuza maji na kugonga mwamba. Basi pima ubao wa nyuma wa chombo chako kabla ya kwenda dukani.

MASHINE YA NDANI

Kwa chombo kizito kinachofanya kazi kila siku, mashine ya dizeli iliyofungwa ndani yafaa kufikiriwa. Bei yake ya kununua ni kubwa na hula nafasi ya shehena. Lakini hutumia takriban robo lita tu kwa kila nguvu ya farasi kwa saa, na uzito wake ukiwa chini, katikati ya chombo, hukituliza. Rafadha yake ni pana na huzunguka polepole, na hiyo ndiyo rafadha iwezayo kusukuma mzigo mzito.

Mashine ya ndani haigeuzwi, kwa hiyo yahitaji usukani halisi, uliowekwa nyuma ya rafadha ili maji yanayosukumwa yaupige. Kwa njia hiyo usukani hutii hata mwendo ukiwa mdogo. Mambo hubadilika wakati wa kurudi nyuma, kwa maana maji hayaupigi usukani tena, na rafadha yenyewe huivuta tezi upande mmoja. Nahodha mwerevu hujua upande huo wa chombo chake, akautumia kuegesha gatini badala ya kushindana nao.

NGUVU ILIYOZIDI NI HASARA

Sasa turudi kwenye swali la awali: nguvu ngapi? Katika miaka ya 1870 mhandisi Mwingereza William Froude, akitumia vielelezo vidogo vya meli ndani ya birika refu huko Torquay, alieleza jambo ambalo mabaharia walilihisi tu. Chombo kinachokata maji hutengeneza wimbi lake chenyewe, na urefu wa chombo ndio unaoweka kikomo cha mwendo wake. Kila kikikaribia kikomo hicho huwa kama kinachopanda mlima wa maji kilioutengeneza chenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua urefu wa chombo pale kinapogusa maji, kwa mita. Tafuta kipeo chake cha mraba. Zidisha kwa 2.4. Jibu ni maili za baharini kwa saa. Tuchukue mfano wa wafanyakazi watatu walionunua mashua ya mbao yenye urefu wa mita 6.25 majini. Kipeo cha mraba ni 2.5, na kikomo cha mwendo ni maili 6 kwa saa. Mashua hiyo, pamoja na watu, nyavu, barafu na samaki, ikiwa na uzito wa tani 2, nguvu 4 au 5 za farasi kwa kila tani zatosha katika hali ya kawaida, yaani nguvu 8 hadi 10. Mashine ya nguvu 15 itawapa akiba ya kupambana na upepo.

Tuseme muuzaji amewashawishi kuchukua mashine ya nguvu 40. Mashua yao nzito, yenye tumbo la mviringo, haitapanda juu ya maji kama boti nyepesi yenye chini bapa. Kuipandisha hivyo kungehitaji takriban nguvu moja ya farasi kwa kila kilo 20 au 25, yaani zaidi ya nguvu 80, na umbo lake lisingekubali. Badala yake tezi itazama, omo itainuka, na petroli itateketea kwa takriban lita 18 kila saa ili kupata mwendo ule ule.

Yafaa pia kukumbuka kwamba nguvu zinazohitajika huongezeka upesi kuliko mwendo. Kupunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi huokoa yapata robo ya mafuta.

Sasa wapige hesabu ya safari. Wakivua umbali wa maili 12, ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mashine ya kupachika ya nguvu 15, ile ya kuchanganya oili, ikienda kwa nguvu zote yaweza kumaliza hadi lita 28. Dizeli ya nguvu 10 itatumia kama lita 10. Na kanuni ya mabaharia ni mafungu matatu: fungu moja la kwendea, la pili la kurudia, la tatu la akiba. Kwa hiyo mwenye petroli abebe lita 42, na mwenye dizeli lita 15. Tofauti hiyo izidishwe kwa siku za kazi katika mwaka ndipo ijulikane mashine ipi ni rahisi na ipi ni ghali.

Rafadha nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Kila rafadha ina upana wake, na ina umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja lau ingekuwa skrubu ndani ya mti. Chombo kizito chataka rafadha ya umbali mfupi. Ikiwa mashine, chombo kikiwa na shehena, haifikii mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, rafadha hiyo yaizidi nguvu na maisha yake yatakuwa mafupi.

USUKANI NA MKONO UNAOUSHIKA

Usukani haufanyi kazi ila maji yapite juu yake. Chombo kilichosimama hakina usukani, hata kiwe na kana ya dhahabu. Na ukipindwa zaidi ya nyuzi 35 hivi, hauongozi tena bali huzuia mwendo. Kana hupeleka chombo kinyume cha inakosukumwa: ikienda kushoto, omo huenda kulia. Ndivyo ulivyo pia mkono wa mashine ya kupachika. Mgeni asikabidhiwe katika msongamano kabla hajazoea.

Wako wapendao gurudumu la usukani kama la motokaa. Lina starehe yake, hasa kwa chombo cha abiria, kwa maana nahodha huketi mbele na kuona vizuri. Lakini baina ya gurudumu na mashine pana waya au mipira ya mafuta. Waya wa chuma ukiachwa bila grisi katika chumvi hukwama, na hauchagui siku ya kukwama. Kana ni kipande cha mti na haina cha kukwama. Anayechagua gurudumu basi awe na kana ya akiba iwezayo kuchomekwa mara moja.

Na mashine yoyote ya kupachika ina kamba fupi ya kuizimia. Afungwe nayo mwongozaji, mkononi au mguuni. Akitupwa majini kamba hukatiza moto na mashine huzimika, badala ya chombo kuzunguka na kumrudia na rafadha yake. Nchini Marekani sheria ilianza kuwalazimisha waongozaji wa boti zilizo chini ya futi 26 kuitumia tangu Aprili 1, 2021. Kwetu, mke na watoto wa mwongozaji ni sababu tosha.

JE, BETRI?

Siku hizi mashine za umeme zinasifiwa, na sifa nyingine ni za kweli: hazina kelele, moshi wala plagi, na jua ni letu. Lakini tuhesabu. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 huendesha mashine ya wati 600, isiyofika nguvu moja ya farasi, kwa muda wa saa moja pasipo kuiharibu betri. Wale wenzetu watatu, wakitaka nguvu 6 kwa saa nne, wangehitaji kama betri 30, zenye uzito wa zaidi ya kilo 800. Betri za lithiamu hupunguza uzito huo hadi robo au chini yake, ila bei yake ni ya kufikiriwa mara mbili. Kwa mtumbwi wa watalii katika maji yaliyotulia, au kuvuka mto mwembamba, umeme wafaa sana. Kwa uvuvi wa mbali, bado hesabu ni ngumu.

NJIA MBILI ZA KWENDA, MBILI ZA KUGEUKA

Tukiyakusanya yote, mwenye chombo cha mikokoni achukue pondo na mashine ndogo inayopandishwa juu. Mvuvi wa pwani iliyo wazi awe na tanga lenye usukani wake, pamoja na mashine ya kupachika ya nguvu ya wastani; tanga likitulia mashine itamrudisha, na mashine ikifa tanga litamleta. Mvushaji wa abiria afikirie dizeli ya ndani, usukani imara, kana ya akiba na makasia. Tena asisahau kwamba chombo cha abiria lazima kiandikishwe na kukaguliwa: Tanzania Bara na TASAC, na Zanzibar na mamlaka yake ya usafiri wa baharini.

Kabla ya kutoa fedha, wenye chombo wakae pamoja na jamaa zao, maana fedha hizo ni za nyumba nzima, na waulizane: Vipuri vyapatikana katika mji wetu au huagizwa? Fundi yuko wapi? Mafuta ya safari moja na akiba yake ni kiasi gani, na samaki wa siku mbaya wataweza kuyalipa? Kila abiria ana jaketi la kuokolea maisha? Nanga iko, na kamba yake inatosha? Kisha chombo kijaribiwe kikiwa na mzigo, dhidi ya upepo, kwa sababu muuzaji hukionyesha kikiwa kitupu na asubuhi.

Na liko jaribio la mwisho lisilogharimu senti moja. Chombo kikiwa nje kidogo ya pwani, mashine izimwe kwa makusudi, na nahodha aambiwe akirejeshe kwa tanga au kwa makasia. Akikirejesha, familia yaweza kulipa. Akishindwa, zitunzwe fedha hizo kwanza, zinunuliwe makasia.